Jina Kwenye Mfuniko wa Bluu

Jumatatu tarehe 2 Machi 2015, Régine Nabintu alitia saini mkataba wa kudumu wa kazi katika nyumba moja ya wazee huko Etterbeek, jijini Brussels. Kwa miaka kumi iliyofuata aliosha watu wasioweza kujiosha. Alibadilisha nepi zao, akapangusa matapishi yao, akasugua meno ya bandia yenye mabaki ya juzi, na hakuna aliyewahi kumwona akikunja pua. Wenzake walimsifu kwa hilo. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kinyaa ni ugonjwa wa watu wasio na kazi.

Jumamosi tarehe 23 Agosti mwaka huu wa 2025 aligundua kwamba anacho, tena kingi.

Aliyemwalika ni Marivic Dumalagan, Mfilipino wa miaka thelathini na tisa, mwenzake wa kazi. Katika nyumba ile, mzee asiyeweza kusimama huinuliwa na watu wawili, mmoja akishika mabega, ambako uzito ni mwingi, na mwingine miguu, na wawili hao hupangwa pamoja zamu zote. Régine na Marivic walikuwa jozi kwa miaka minne. Tangu Januari Marivic ndiye aliyeshika mabega kila mara, bila kuombwa, kwa sababu Régine alikuwa na pingili ya mgongo iliyoteguka na barua ya daktari aliyoificha chini ya taulo kabatini kwake. Mkuu wa wauguzi hakujua. Angejua, angemwondoa kwenye kuinua, na katika nyumba ile kazi isiyo ya kuinua haikuwapo.

Mwezi Septemba jozi zilikuwa zinapangwa upya. Kila mfanyakazi alitakiwa kuandika kwenye karatasi jina la mtu anayemtaka na kuikabidhi Jumatatu ya tarehe 25 Agosti. Majina yakilingana, jozi inabaki. Régine alikuwa ameshaandika la Marivic. Ijumaa, walipokuwa wakivua glavu, Marivic alimwambia kwa Kifaransa chake cha haraka, "Kesho ni sikukuu yetu ya mtaani, ate. Njoo. Kuna kitu nitakupikia." Ate ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao, na hivyo ndivyo alivyomwita Régine tangu mwanzo. Régine alipomuuliza juu ya karatasi, alisema ataiandika Jumapili.

Basi ilikuwa lazima aende.

Hakwenda peke yake. Alipitia Matonge, mtaa wa Wakongo, akawachukua wenzake wawili wa kanisani, wote wazaliwa wa Bukavu, Kongo, kama yeye. Gracieuse anauza nywele za bandia kwenye barabara ya Chaussée de Wavre na huzungumza zaidi na simu yake kuliko anavyozungumza na watu. Tharcisse ni dereva wa basi aliyestaafu, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na wote humwita tonton, yaani mjomba, ingawa hana undugu na yeyote. Wakaiteremka barabara ile kwa miguu kuelekea Etterbeek, jua likiwachoma utosini.

"Batatupatia nini huko?" Tharcisse aliuliza.

"Mayai, tonton," Gracieuse akajibu. "Mayai iko na mutoto wa bata ndani."

"Weye uliona wapi?"

"Ku TikTok. Bon, tutaona na macho yetu."

Waliona. Mtaa ulikuwa umefungwa magari na kujazwa mahema, na harufu iliwafikia kabla ya muziki: siki, sukari iliyoungua, samaki mkavu, mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mno. Nguruwe mzima alikuwa amelazwa juu ya meza, kichwa na masikio yake yote, ngozi imekauka kama rangi ya mlango, na mtu mwenye panga alimkatakata mpaka matone ya mafuta yakawarukia waliopanga foleni. Hilo Régine alilivumilia. Nguruwe analiwa hata Bukavu. Meza ya pili ilikuwa na sufuria ya mchuzi mweusi, na mwanamke aliyeupakua alimweleza mzungu mmoja kwa furaha kwamba ni damu. Kanisani kwao damu hailiwi. Régine aliutazama ule weusi ukichemka polepole na kutoa povu la zambarau pembeni, akapumua kwa mdomo.

Meza ya tatu ndiyo iliyomshinda. Kijana mmoja alitoboa yai, akafyonza maji yake kwa sauti, kisha akalimenya. Ndani mlikuwa na mishipa myekundu, kichwa kidogo kilichoinama na manyoya yaliyolowana. Mate yakamjaa Régine mdomoni. Alijishangaa, maana kila asubuhi saa moja hunusa mabaya kuliko hayo. Lakini kazini huwa na glavu, na hakuna anayemwambia ameze.

"Eeh Mungu! Batu ya Bukavu, muone!" Gracieuse alikuwa tayari ameinua simu. "Iko na manyoya! Na muntu anakula!"

Yule kijana akatabasamu, akamnyooshea yai jingine. Gracieuse akajifanya kutapika mbele ya kamera, ulimi nje, rangi ya midomo ikinyooka kama gundi. Tharcisse alicheka mpaka machozi yakachanganyika na jasho na kumshukia shingoni. Régine akawatazama wote wawili na kuona kwamba wanamchefua kama lile yai. Hata hivyo alicheka nao. Ilikuwa rahisi kuliko kunyamaza.

Marivic akatokea katikati ya watu, amevaa kizibao cha njano cha watu wa kujitolea na glavu mfukoni. Kwa mkono mmoja alibeba sahani mbili za tambi kwa wageni, kwapani amebana bakuli la plastiki lenye mfuniko wa bluu. Uso wake uling'aa kwa joto na kwa furaha.

"Karibuni! Kuleni!"

Gracieuse akaipokea sahani, akaishika mbali na kifua chake. "Aonje ye kwanza," akasema kwa Kiswahili.

Bukavu chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na anayekupa chakula hutangulia kukionja. Sumu, ambayo wenyewe huiita karuho, inaogopwa huko kuliko risasi, na wengi waliotoka pale wamevuka bahari na kupata uraia bila kuiacha hofu hiyo nyuma. Baina yao wenyewe hakuna anayeudhika. Ni kama kubisha hodi.

Tharcisse akamtafsiria Marivic kwa Kifaransa: kwao, anayetoa ndiye anayeonja.

Marivic akacheka, akachukua uma, akala. "Ni kwa ajili ya chumvi?"

"Hapana, madame. Ni kwa ajili ya sumu," Tharcisse akajibu, naye akacheka.

Marivic akaendelea kutafuna, lakini uso ulikuwa umesimama. Akamgeukia Régine na kumngojea. Maneno machache tu yangetosha: kwamba hata askofu angeambiwa aonje, kwamba yeye amekula vyakula vya Marivic jikoni kwa wafanyakazi miaka minne bila kumtaka aonje. Régine akasema, "Ni mazoea tu," kisha akatazama viatu vyake.

"Hii ni yako peke yako," Marivic akasema, akampa bakuli. Juu ya mfuniko alikuwa amebandika utepe mweupe na kuandika RÉGINE kwa herufi kubwa za wino mweusi, kama wanavyoandika kazini kwenye vikombe vya wazee na visanduku vya meno yao. "Ule kikiwa cha moto." Mtu akamwita kutoka upande wa mapipa, naye akaenda.

Kupitia ubavu wa bakuli kilionekana kitu kizito, cheusi, chenye mafuta juu.

"Ile ni damu," Gracieuse akanong'ona. "Muone, iko nyeusi. Usikule, maman Régine. Siye damu hatukulaka."

Régine hakulifungua. Plastiki ilikuwa na joto lilelile la mfuko wa mkojo unapojaa, na kila alipobadilisha mkono kile kilichokuwa ndani kilisogea taratibu kumfuata. Akazunguka nyuma ya vyoo vya kukodi, ambako ardhi ilikuwa imelowa na haikufaa kuuliza imelowa nini, akalitumbukiza bakuli kwenye mfuko wa kwanza uliokuwa wazi, akarushia vikombe vitatu juu yake. Alikuwa akiharakisha kurudi. Hakuangalia kwamba mfuko ule ni wa bluu, wa taka za plastiki tu, tena unaoonyesha kila kilichomo. Kazini hutenganisha taka mara sita kwa siku.

Walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa barabara, bia zao zimefunguliwa mbele yao, Marivic alipofika na glavu mikononi. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kukagua mifuko kabla lori halijaja. Akauburuta ule wa bluu kutoka nyuma ya vyoo mpaka hatua nne kutoka kwao, akauinamia, akatoa vikombe, akatoa bakuli lililojaa chakula. Akasoma jina. Kisha akalifungua.

Harufu ikamfikia Régine bila kizuizi. Ilikuwa ya matembele. Matembele kwa tui la nazi, yamepikwa muda mrefu mpaka yakawa meusi, kama mama yake alivyoyapika.

"Nilipanda mwezi wa tano," Marivic akasema. "Kwenye ndoo, kibarazani. Ulisema unayakumbuka, siku ile tukimgeuza bibi wa chumba cha kumi na mbili. Hamna nyama. Hamna damu. Ulisema kanisani kwenu hamli damu."

"Sikujua."

"Hukufungua."

Hakupaza sauti. Akayakwangua matembele kwa vidole viwili na kuyaacha yaanguke kwenye ndoo ya mabaki, yakatua juu ya kichwa cha nguruwe na maganda ya mayai. Akapangusa bakuli. Kisha akabandua ule utepe kuanzia pembeni, taratibu, usichanike, kama wanavyobandua majina kwenye vitu vya mzee aliyekufa. Akaukunja, akautupa kwenye taka, akaondoka na bakuli lake.

"Sasa anakasirika juu ya majani?" Gracieuse akauliza. "Bon, atakupikia ingine."

"Batu ya Asie banakasirikaka mbio," Tharcisse akasema, tambi zikimning'inia kidevuni.

"Funga kinywa, tonton." Régine alikuwa akikitazama kile kidevu. "Na weye, ile video uifute."

"Kwani? Batu mia tatu bashaiona. Na weye uko mule, maman, unacheka."

Gracieuse akamwonyesha. Kweli alikuwemo: kinywa wazi, fizi nje, macho yameminywa, na nyuma yake yule kijana amenyoosha mkono na yai. Régine alijitazama kwa sekunde nane. Kisha akainuka, akatembea peke yake mpaka nyumbani, akanawa mikono kama wanavyofundishwa kazini, viganja, kati ya vidole, chini ya kucha, vifundo. Alipomaliza akainusa. Akanawa tena.

Jumapili alipiga simu mara mbili. Haikupokewa.

Jumatatu karatasi zilikabidhiwa. Ya Régine ilikuwa na jina la Marivic. Ya Marivic ilikuwa na jina la Ibrahim, mfanyakazi mwenye miezi miwili tu. Mkuu wa wauguzi alipomuuliza Régine kama kuna tatizo, alijibu hakuna, kwa sababu jibu lingine lilikuwa chini ya taulo.

Kuanzia tarehe 1 Septemba atafanya kazi ghorofa ya tatu na Ornella, msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyemaliza mafunzo mwezi Juni. Kwa kuwa yeye ndiye mzoefu, Régine atashika mabega.