Mkono wa Kushoto wa Mlingoti

Saa moja na nusu asubuhi, ngazi imelala kwenye korido na hakuna anayeihitaji. Mwanamke wa futi sita na ushee amesimama katikati ya sebule tupu, rola mkono wa kushoto, anapaka dari rangi kwa mistari mirefu iliyonyooka. Mkono wa kulia umetulia kiunoni. Hauvuki usawa wa bega.

Mafundi wenzake humwita Mlingoti. Jina hilo alipewa na mashabiki enzi zake za mpira wa wavu, alipokuwa mshambuliaji wa kulipwa kwa miaka tisa, kazi yake kuruka na kupiga.

"Siku hizi nalipwa nisiruke," anasema, akichovya rola kwenye rangi.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Katika nusu fainali, seti ya nne, alipiga mpira akasikia bega likitoa mlio kama kitambaa kinachochanika. Alifanyiwa upasuaji mara mbili. Baada ya ule wa pili, daktari alimweleza taratibu kwamba mkono utamfaa kwa kula na kuandika, lakini mpira asahau. Mkataba ulipokwisha, klabu haikumpigia hata simu.

Alirudi kwa mama yake, akajifungia chumbani miezi mitano. Mama anasimulia kwamba binti alikula akiambiwa ale, akaoga akiambiwa aoge. Wageni wakija kumpa pole, alijifanya amelala.

Aliyemtoa ni kaka yake mkubwa, fundi rangi wa siku nyingi. Hakumbembeleza. Alifungua mlango, akasema msaidizi wake ameacha kazi na mteja anahamia kesho kutwa.

"Nikamwambia mkono wangu umekufa," Mlingoti anakumbuka. "Akaniuliza, 'Na huo mwingine uko matangani?' Nilikasirika, nikamfuata ili nimwonyeshe kuwa siwezi."

Na kweli hakuweza. Rangi aliyomwaga ilizidi aliyopaka, na kaka akalazimika kurudia ukuta mzima. Mlingoti alirudi nyumbani analia. Lakini asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuvaa ovaroli.

Kwa wiki sita, kila jioni, alifanya mazoezi kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama: anapaka, anasugua, anapaka tena, mpaka mkono wa kushoto ukaacha ugeni.

Machungu hayajaisha. Ligi ikionyeshwa kwenye televisheni, hutoka nje. Baridi ikizidi, bega humkosesha usingizi.

Huu ni mwaka wake wa nne kazini. Jumatatu anaanza kazi ya kwanza aliyoipata kwa jina lake mwenyewe: madarasa kumi na moja ya shule ya msingi. Kaka yake atakuwa chini yake. Amekubali kwa sharti moja tu, asiitwe msaidizi.

"Mwalimu mkuu anataka nikimaliza madarasa niwachoree watoto uwanja wa mpira wa wavu," anasema. "Nilimwambia nitamjibu."

Anafuta tone la rangi shavuni.

"Jana nilinunua rangi nyeupe ya kuchorea mistari."