Kidole cha Bi Zuhura

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mvi hizi zilikuwa bado. Nilikuwa fundi wa programu za simu, ofisi yetu ghorofa ya tatu, Kariakoo. Tulitengeneza ramani ya kupelekea watu dawa: mteja anagusa ilipo nyumba yake, alama inakaa, bodaboda anaifuata. Akitaka kuisogeza alama, anaiburuta kwa kidole. Sehemu hiyo niliiandika mimi, na nilijiona bingwa.

Akaja Bi Zuhura, mshonaji wa Ilala, akihema kwa ngazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaeleza. Jana yake aliagiza sindano za mumewe mwenye kisukari. Bodaboda alizipeleka Mchikichini, kwa watu wasiomjua, na zilipofika nyumbani mzee alikuwa ameshakimbizwa hospitali.

Nikamjibu kwamba amegusa mahali pasipo nyumba yake. Ndiyo, nilithubutu. Hakugomba. Aliweka mkono mezani akasema, "Mwanangu, simu umeitazama sana. Kidole changu hujakitazama."

Nikakitazama. Kilikuwa kinatetemeka. Nikamwomba aguse tena, taratibu. Alama ilikaa kwake. Alipoinua kidole, ikateleza mitaa kadhaa. Programu yangu ilidhani ule mtetemo ni kuburuta. Aibu ilinishika, lakini hamu ya kujua ikaizidi. Vidole vya wengine je?

Nikashuka sokoni na simu yangu. Mpagazi wa magunia aligusa kwa dole gumba zima. Muuza khanga aligusa kwa ncha ya ukucha. Nilipima kila kidole kilipotua na kilipoinukia, na karibu wote waliteleza kidogo bila kujua. Mimi nilikuwa nimejaribu kidole kimoja tu, changu.

Nikabadili: kidole kisiposogea zaidi ya urefu wa punje ya mchele, huko ni kugusa, alama isitikisike. Kikizidi hapo, ndipo iwe kuburuta. Na kabla ya kutuma, simu iulize: ni hapa?

Mzee aliruhusiwa siku ya tatu. Nilikwenda kuwaomba radhi. Bi Zuhura akagusa ramani mbele yangu, alama ikatulia. Akanisogezea kiti, akanimiminia chai.

Basi wewe unayetengeneza vitu vya watu, mtu akikwambia kitu chako kimemwangusha, usikimbilie kumfundisha. Mwombe akuonyeshe, halafu nyamaza utazame. Kuna jambo analijua ambalo wewe hulijui. Mola akujalie subira ya kuuliza, na kazi yako imfae hata yule usiyemfikiria.