Kanuni ya Tisa

Kila muhula, katibu wa idara ya hisabati huchapa kanuni za somo la kalkulasi huku amebetua midomo. Kurasa kumi na moja za makatazo, hesabu yenyewe mistari miwili! Ya tisa ndiyo humtia kichefuchefu: mwanafunzi aliyefiwa asipoleta cheti cha kifo, haruhusiwi kurudia mtihani.

Jumatatu moja mtunzi wa kanuni hizo, mhadhiri anayejiona kama ndiye aliyevumbua namba, alipiga simu.

“Dada, waambie wanafunzi leo hakuna kipindi. Nimefiwa na mama mkwe.”

“Maskini! Pole sana, Mwalimu,” katibu akajibu, sauti laini kama pamba. “Ni yule uliyemzika muhula uliopita, au umeoa tena?”