Thobias na Jina la Mjomba

Wajukuu wa mdogo wangu Thobias wamesikia kwamba alikuwa mlevi, basi, wakadhani habari yake imekwisha. Mimi nilimjua kabla.

Thobias aliogopa watu. Mwalimu akimwita ubaoni, aliibana chaki mpaka ikavunjika, neno halitoki. Akiona kundi njiani, alipita migombani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, wa kwanza kila mwaka, na wala sioni haya kulisema.

Mjomba wetu alifariki mwaka 1972. Kwetu Waluguru jina la mjomba hurithiwa na mpwa wake, na mrithi ndiye anayesema juu ya ardhi ya ukoo. Wazee wakamchagua Thobias kwa upole wake. Aliinamisha kichwa kwa woga, wao wakasema amekubali.

Siku ya kupewa jina ilimbidi anywe kikombe cha kwanza cha pombe ya tambiko mbele ya watu. Hakuwahi kuionja. Alipokimaliza akasimama, akasema, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilipiga vigelegele kuliko wote. "Mnamwona mjomba!" nikasema. Sote tuliamini mjomba amemwingia.

Wengine walikunywa kwa raha, wakaimba, wakalala. Thobias alikunywa kama mtu anayekunywa dawa: kabla ya kikao, halafu kabla ya kwenda sokoni, halafu kabla ya kuitikia shikamoo za watoto. Mwaka 1974, mashamba ya kijiji yalipokuwa yanapimwa, vikao vilikuwa kila juma. Akaanza gongo asubuhi.

Mkewe Anastasia akanijia. "Wifi, leo amempita mwanawe mlangoni, hakumtambua."

"Tumfungie," nikasema. Nilidhani hamu ya pombe hupita kama hamu ya nyama. Tukamfungia katika ghala langu la mahindi, na uji na maji.

Siku ya pili, jua limeshapanda, nikamsikia anaongea. Nikafungua. Alikuwa anapangusa siafu mikononi, na siafu hawakuwepo.

"Dada, wamejaa humu! Watu wote wa kikao. Wananingoja niseme!"

Kisha akaanguka. Meno yakashikana, povu likamtoka, visigino vikapiga sakafu. Nimewahi kukutana na chui kisimani. Sikuogopa vile.

Mzee Gabrieli, mkubwa wetu katika ukoo, akafika na kibuyu. "Ndiyo uliyosoma kwa mapadri, Cecilia? Kumfungia mwenye jina kama mbuzi? Mjomba amenyimwa kikombe chake, amekasirika. Mnyweshe."

"Mzee, atapaliwa."

"Mnyweshe!"

"Wifi, mpe, anakufa!" Anastasia akalia.

Nikakishika kibuyu. Nikimpa, namwua. Nisipompa, namwua. Nikakiweka chini. "Tafuteni miti ya machela," nikasema.

Tukamfunga kwenye machela kwa kanga, vijana wakambeba kushuka mlima kwenda zahanati ya misheni. Degedege likamrudia mtoni; machela ikayumba, nikamshika kichwa kisiingie majini. Mzee Gabrieli alitufuata njia nzima na kibuyu chake.

"Nani amemkatisha pombe ghafla?" Sista Felista, muuguzi wa zahanati, akauliza.

"Mimi."

"Mwili umeshaizoea. Kumkatisha hivi kunaua. Mngemleta kwanza."

Nikakaa chini pale pale mlangoni.

Siku ya kumi Mzee Gabrieli akaingia wodini. "Mjomba, kesho kikao." Akamnyooshea kibuyu.

Thobias akakitazama muda mrefu. Anastasia alinishika mkono, kucha zikaniingia.

"Mzee, shikamoo," akasema, sauti ndogo. "Mimi... mimi naogopa watu. Tangu utoto. Jina ni zito. Mpeni mwingine."

"Jina halivuliwi kama shati!"

"Basi nitakuja hivi hivi, bila kunywa. Nikishindwa kusema, nimeshindwa."

Akaja. Akasimama mbele ya kijiji, jasho linamtiririka, midomo inacheza. Mtu akacheka. Thobias hakutamka neno. Akakaa chini, hajaonja hata tone la pombe, na jioni hiyo wazee wakamtafuta msemaji mwingine.

Aliishi miaka kumi na tisa zaidi. Alirudia pombe mara mbili, na mara zote mbili sikufunga mlango. Nilimshika mkono, tukashuka mlima kwenda kwa Sista, na njia nzima niliogopa.