Sabuni ya Majivu

Katikati ya miaka ya hamsini tulikuwa tunakaa Ipogolo, kule chini ya mji wa Iringa, katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na watoto watatu: msichana wa miaka mitano, mvulana aliyekuwa ametimiza miwili, na kichanga cha miezi minne. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Igowole na alirudi mara moja kwa mwezi. Alikuwa amemleta mama yake akae nami.

Karibu kila kitu cha watoto tulikitengeneza wenyewe. Nepi nilizikata kwenye mifuko ya unga, nikazipinda kwa mkono. Blanketi lao lilikuwa vipande vya makoti ya baba yao yaliyochakaa. Sabuni tu ndiyo nilizoea kuinunua, na masika yale ikaadimika, malori yamekwama kwenye matope. Nepi zikawa zinanuka hata baada ya kufuliwa, na kichanga akatokwa na vipele mapajani.

"Kwani majivu yameisha duniani?" mama mkwe aliniuliza.

Akanifundisha. Tulichoma magunzi ya mahindi na maganda ya ndizi, tukajaza majivu kwenye debe tulilolitoboa chini, tukamwagia maji. Yaliyochuruzika tuliyachemsha siku nzima mpaka yakabaki kidogo, mekundu kama chai ya rangi. Mama mkwe alichovya unyoya wa kuku ndani yake. Ulipotoka ulikuwa umelegea, unateleza vidoleni.

"Bado kidogo," alisema. "Yakiwa makali kabisa, unyoya unayeyuka. Hapo ndipo tunatia mafuta ya ng'ombe. Na watoto wasisogee hapa. Haya maji ni moto hata yakipoa."

Kesho yake asubuhi alikwenda kisimani. Mimi nikayachemsha tena peke yangu, na kwa haraka ya kutaka kuona kama yamekuwa makali, nikachota kidogo kwa kikombe cha bati, kile kile watoto walichokuwa wakinywea chai. Nikakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, yapoe nipate kuyajaribu. Mara nikasikia matone ya mvua. Nepi zote zilikuwa kambani. Nikakimbia nyuma ya nyumba.

Sikukaa huko. Nilianua nepi zile, basi. Niliporudi, yule mvulana alikuwa amesimama kando ya kinu, kikombe kimeanguka miguuni pake, mdomo wazi, na sauti haitoki. Kisha ikatoka. Sijapata kusikia tena kilio kama kile. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe na mate yanamtiririka hadi kifuani.

Nilimkamata, nikamwinamisha, nikaingiza kidole kinywani mwake ili atapike. Jirani yangu akaingia mbio. Alikuwa mke wa mfanyabiashara wa duka la pale, wazee wake walitoka pwani, naye kwangu alikuwa kama dada. Akanivuta mkono kwa nguvu.

"Usimtapishe, shoga! Kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda! Maziwa yako wapi?"

"Sina maziwa!"

Alikimbia kwake akarudi na maziwa kwenye kibuyu. Tukamtia kijiko kwa kijiko. Mengine aliyameza, mengine yalirudi yana damu. Mumewe akawasha gari lake la mizigo. Mama mkwe alitukuta mlangoni, ndoo ya maji kichwani. Alitazama mtoto, akatazama kikombe pale chini, akatua ndoo. Jirani alichukua msichana, mimi nikafunga kichanga mgongoni, mama mkwe akapanda nyuma na mvulana mapajani. Tukapanda mlima, tukapita mjini, tukashika njia ya hospitali ya misheni ya Tosamaganga. Mara mbili gari lilizama kwenye matope, na mara zote mbili nilikuwa na hakika kwamba likitoka tutakuwa tumebeba maiti.

Hospitalini sista alimwangalia koo kwa taa.

"Amekunywa nini?"

"Maji ya majivu. Ya sabuni."

"Nani aliyaweka mahali anapofika mtoto?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, karibu kiasi cha kusikia.

"Yalikuwa kwenye kikombe," nilijibu.

Sista alisema tusubiri. Koo likivimba zaidi, hatapumua. Lisipovimba, atapona.

Mume wangu, aliyepelekewa habari na jirani, alifika siku ya pili, ametapakaa matope hadi magotini. Alimwinamia mtoto kwa muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimgeukia mama yake.

"Mama, mambo hayo ya majivu ni ya kwenu kijijini. Nyumba ina watoto wadogo! Ulikuwa unafikiri nini?"

Nilingoja mama mkwe aseme. Angeweza kusema neno moja tu: alikuwa kisimani. Aliinamisha kichwa akakunjua pindo la kitenge chake, akalikunja tena. Nami ningeweza kulisema mimi. Niliogopa. Nilijiambia nitasema mtoto akipata nafuu.

Siku ya nne mtoto alikunywa uji mwepesi bila kulia. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Nikashukuru Mungu, na bado sikusema. Tukarudi Ipogolo. Muda wote ule mume wangu hakumwita mama yake kula, nami niliendelea kunyamaza.

Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe amefunga mzigo wake.

"Naenda nyumbani, mwanangu. Mahindi yangu yanaliwa na ngedere."

Mume wangu alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Hakusema abaki. Nikaushika ule mzigo.

"Ni mimi," nilisema. "Mama alikuwa kisimani. Ni mimi niliyechota, kwa kikombe cha watoto, nikakiacha."

Alisimama na mswaki mkononi. Alimtazama mama yake.

"Na wewe ulijua?"

"Niliona kikombe."

"Ukaniacha nikutukane?"

"Mimi utanirudia tu, mwanangu," alisema. "Huyu bado kijana, ana kichanga mgongoni. Ungemfukuza siku ile, angekwenda wapi?"

Mume wangu alitoka nje. Alirudi jioni, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaomba radhi. Kwangu hakuja. Alirudi Igowole bila kuniaga, na ilipita miezi miwili kabla hajaniita tena kwa jina la mama wa watoto wake. Sikumlaumu kwa kuniadhibu hivyo. Kosa langu kwa mtoto lilikuwa la dakika chache. Kosa langu kwa mama yake nililitenda siku baada ya siku, macho wazi.

Mama mkwe aliondoka wiki ile ile, kwa sababu mahindi kweli yalikuwa yanaliwa. Baada ya mavuno alirudi, akakaa nasi mpaka alipofariki. Mwanangu alikua, akaoa. Sauti yake ilibaki na mkwaruzo, na watu wanaomsikia mara ya kwanza humuuliza kama ana mafua. Yeye huwaambia ndiyo.