Shamba la Mama na Fundi wa Kawangware

Mimi nina kinyaa tangu utotoni. Sinywi kwa kikombe chenye ufa, na mtu akicheua mezani, chakula kimenishinda hapo hapo. Basi fikiria nilivyojisikia siku fundi mmoja wa Kawangware alipofungua kompyuta yangu mbele ya wateja wake, mende wakamwagika mezani.

Walikuwa wa kila ukubwa, na mayai yao ya kahawia yalikuwa yamebandikwa kandokando ya feni. Kompyuta hutoa joto, na nyumba yetu ya mabati kule Gatwekera, Kibera, ina baridi, kwa hivyo walijua pa kujificha. Fundi alikuwa anakula chipsi. Wala hakuziweka kando. Aliwafagia mende kwa kiganja, akakipangusa kwenye suruali, kisha akarudi kwenye chipsi kwa kiganja kile kile. Niligeuka nikaangalia barabarani.

"Siz, usijali," aliniambia huku anatafuna. "Machine za Kibera zote hukuja na tenants."

Nilikuwa nimemletea kompyuta hiyo kuukuu kwa sababu alikuwa ameniundia nyingine: kasha la huku, memori ya kule, kioo kutoka kwa ofisi fulani iliyohama. Mimi hushona sare za shule Laini Saba, na kompyuta naitumia kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Kwangu hiyo mpya ingetosha kabisa. Lakini kwenye ile ya zamani kulikuwa na mchezo mmoja wa ukulima ambao nilinunua mashine nikaukuta ndani, na kwenye mchezo huo kulikuwa na shamba la mama yangu.

Mama ni mtu wa Kitui. Alikuja Nairobi msichana, na kwa miaka mingi alilima kipande cha ardhi Silanga, pale kando ya bwawa. Alipanda sukuma, kunde na mahindi. Kisha asubuhi moja tukaambiwa tingatinga linakuja na kila mtu aondoe chake. Kabla halijafika, majirani walikuwa wameshaingia na magunia. Walivuna mahindi mabichi ya mama, naye amesimama pale anaona. Wengine walimsalimia kabisa, "Sasa mathe," huku wanakwanyua. Hawakuacha hata bunzi moja. Jioni yake mmoja wao alipita mlangoni petu akiuza sukuma, na mimi naijua sukuma ya mama yangu. Mpaka leo nikikutana na mwanamke yule njiani, huvuka upande wa pili.

Baadaye miguu ya mama ilianza kuvimba, akawa mtu wa kukaa ndani. Ndipo alipougundua ule mchezo. Mwanzoni alishika kipanya kwa mikono miwili, akikisukuma kama anasaga. Lakini alijifunza, tena haraka. Alipanda miti mpakani kama kwao Kitui. Aliacha kipande kipumzike kila msimu, ingawa mchezo haukumtaka afanye hivyo. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee aliyekwisha kukauka maziwa, na kila mchezo ulipomwambia amuuze, mama alisonya. Shamba hilo lilimchukua miaka. Alikuwa akilifungua kila siku baada ya chai, na ilikuwa raha kumsikia akiwasemesha ng'ombe kwa Kikamba.

Kwa hivyo nilimwambia fundi wazi: "Toa hii diski vile iko, uiweke kwa mashine mpya. Usifute kitu. Kuna shamba ya mamangu ndani."

Alicheka mpaka chipsi zikaonekana. "Shamba ya mathe? Poa. Imeisha hiyo."

Nilichokuwa sijui ni jinsi mafundi wa mtaa ule wanavyofanya kazi. Mashine yoyote ikiingia, kitu cha kwanza ni kufutwa. Mteja aseme atakalo, mkono wa fundi ushazoea. Halafu anachomeka diski yake kubwa, nyeusi, iliyofungwa kwa raba, anammwagia mteja michezo yote iliyomo. Diski hiyo moja imepita kwenye kompyuta za mtaa mzima. Niliigusa baadaye, ilinata.

Nilifika nyumbani na mashine mpya, nikamwashia mama. Alifungua mchezo, akaondoa mkono kwenye kipanya. Kwenye kioo kulikuwa na matrekta, maghala, kundi zima la ng'ombe weusi, na mahindi makavu yanayongoja kuvunwa, yameenea mpaka mwisho wa kioo.

"Hii ni shamba ya mtu," mama alisema.

Nikamwambia labda mashine mpya ndiyo imelipanua. Alinitazama kana kwamba sina akili. "Mimi najua mkono yangu."

"Basi vuna tu, Mama. Imeshaiva."

"Nivune ya nani?"

Nilimpigia fundi simu, naye alishangaa kwa nini nalalamika. "Si ni game ile ile? Hiyo farm imekomaa, siz. Watu hunitafuta juu ya hiyo. Nimefanyia mathe favour."

Afadhali mende. Mende angalau hawakwambii wamekusaidia.

Kesho yake nilirudi Kawangware, na hapo ndipo nilipoelewa biashara yake. Watu hawataki kuhangaika. Wanataka timu ya mpira iliyokwisha kushinda vikombe na shamba lililokwisha kujaa. Kwa hivyo fundi, kabla ya kufuta diski ya mteja, hunakili kwanza chochote kilichokomaa, halafu anamuuzia mwingine. Alinieleza haya bila haya, kwa majivuno hata, akijichokoa meno na kipande cha waya.

"Kwa hivyo ya mamangu unayo?"

"Lazima. Iko hapo hata sahi, kuna msee anaicheki."

Niligeuka. Jamaa mmoja mwenye ndevu, mtu mzima wa kuitwa baba, alikuwa amekaa mbele ya kioo na kipanya mkononi, akikagua shamba la mama yangu kabla ya kulinunua. Niliitambua miti ya mpakani. Nilikitambua kipande kilichopumzika, ambacho alikuwa ameshakilima chote. Kisha akamfikia yule ng'ombe mzee.

"Hii haina maziwa," alisema, akamuuza.

Ilikuwa nakala, nilijua hivyo. Shamba lenyewe bado lilikuwa kwenye diski ya fundi, halijaguswa. Lakini niliona magunia yale ya Silanga tena. Nilimtupia fundi flashi yangu nikamwambia aniwekee shamba letu sasa hivi, na alifute kwake nikiona. Akaipokea, akaipuliza kwa ule mdomo wake wa mafuta, akaichomeka, akanakili, kisha akafuta nikiona. Baadaye niliifuta kwa spiriti mara mbili, na bado niliibeba kwa kitambaa.

Nilipoingia nyumbani, mama alikuwa kwenye lile shamba la matrekta. Nikadhani ameshindwa kujizuia. Nilisogea nikaona mahindi yamesimama yote. Alichokuwa akifanya ni kuwapelekea ng'ombe weusi maji na nyasi, zizi kwa zizi.

"Walikuwa na njaa," alisema. "Hawajui wamehamishwa."

Nilimrudishia shamba lake. Mchezo ule una nafasi ya kuweka zaidi ya shamba moja. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe wake mzee, akamsemesha kwa Kikamba. Nikamwambia sasa nifute lile lingine.

"Ufute nini? Mrudishie mwenyewe."

"Mama, hata fundi hajui ni nani."

"Huyo mtu amefungua kompyuta akakosa shamba yake," alisema. "Mimi huyo mtu namjua."

Basi nimekuwa nikirudi kwenye meza ile ya mafuta na waya. Nimewauliza wateja wanaongoja kama kuna aliyewahi kuwa na ng'ombe weusi na maghala, nao hunicheka, na fundi huwaambia nimerukwa na akili. Nikitoka hapo huosha mikono mpaka kwenye viwiko. Mama haniulizi nimesikia nini huko, ananiuliza kama nimempata mwenyewe. Kila siku akimaliza kazi zake hufungua shamba la mtu huyo, hunywesha ng'ombe, hufunga. Mahindi yamesimama vile vile, makavu, na hajachukua hata bunzi moja.