Alama za Nanyori

Nanyori alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, binti wa wafugaji wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mpole hadi unasahau kama yumo darasani. Mimi ndiye niliyemharibia, na sitafuti wa kunionea huruma.

Ilikuwa 1994, miaka ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu binafsi milango ya biashara. Shule za watu binafsi zilichipuka Arusha kila kona, na sisi walimu tukawa watu wa kukimbia tu: asubuhi darasani, jioni tuisheni. Nilikuwa nafundisha tanzia moja ya kale iliyotafsiriwa, habari ya mfalme anayemnyonga askari kijana, na mama wa kijana anayekuja kuchukua maiti. Shule ilikuwa na nakala moja. Nilimwachia Nanyori aitunze, maana mimi sikuihitaji. Nilikuwa na kitini cha uhakiki cha kurasa kumi na mbili nilichokinunua stendi, na kwa kitini hicho nilikuwa nimefundisha miaka sita. Tamthiliya yenyewe sikuwahi kuifungua. Ndiyo, mwalimu mzima!

Kitini kilisema mama anamlaani mfalme, na laana hiyo ndiyo inayomwangusha. Kwenye mtihani wa majaribio nikauliza hilo hilo. Nanyori akaandika kwamba mama hakulaani mtu. Aliinama, akamfunga mwanawe kamba za viatu bila kusema neno, na mfalme akashindwa kuvumilia kimya kile. Nikampa sifuri kati ya ishirini. Kama haitoshi, nikalisoma jibu lake mbele ya darasa kwa sauti ya kejeli. "Hee! Nanyori katutungia tamthiliya yake!" Wakacheka mpaka wakagonga madawati.

"Mwalimu, ndivyo ilivyo kwenye kitabu," akasema taratibu.

Nikamwambia akae chini, aache ubishi.

Sifuri ile ikamwangusha kwenye mchujo. Shule yetu ilitaka sifa, kwa hiyo aliyefeli majaribio haandikishwi mtihani wa taifa. Akafunga sanduku lake, akaenda kwa shangazi yake kuuza nyanya kwenye soko la Kwa Mrombo.

Wiki iliyofuata, tarehe tatu, nikawapeleka wanafunzi Tengeru, ambako wanachuo walikuwa wanaiigiza tanzia ile ile. Mwishoni mama akaingia jukwaani, nami nikamngoja alaani. Akainama. Akaanza kumfunga maiti kamba za viatu, polepole, neno hakuna. Wanafunzi wangu wote wakageuka, wakaniangalia mimi. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Majina ya watahiniwa yalikuwa bado kwa mkuu wetu wa shule, Mwalimu Reginald. Ningemwambia tu, "Nilikosea kusahihisha," na Nanyori angerudi. Lakini angeniuliza nilikoseaje, nami ningejibu nini? Kwamba sijasoma kitabu? Kila asubuhi nilifika mlangoni kwake, nikamsalimu, nikapita. Wiki mbili nzima! Tarehe kumi na saba majina yakapelekwa Baraza la Mitihani.

Ndipo nikapata miguu ya kwenda Kwa Mrombo.

"Shikamoo, mwalimu!" Nanyori alisimama haraka, akifuta mikono kwenye khanga.

"Marahaba. Nanyori, nimekuja kukuomba radhi. Tumeiona ile tanzia ikiigizwa. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

"Alifunga viatu?"

"Alifunga."

Akapiga makofi, akacheka kwa furaha hadi shangazi yake akageuka kutazama. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, kwa kuwa sikuwahi kumwona akicheka hivyo darasani kwangu. Kisha akatulia.

"Mlikwenda lini, mwalimu?"

Ningeweza kudanganya. "Tarehe tatu."

"Na majina yalipelekwa lini?"

"Kumi na saba."

Nilingoja anitukane, angalau shangazi asikie, angalau soko zima lisikie. Wala. Alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa anasubiri, akamuuliza anataka mafungu mangapi.